Siku Kumi na Moja za Taa ya Kijani

Mzee Magesa tulimzika Bunda, mchana wa jua kali. Nilikaa chini ya turubai upande wa wanawake, sahani ya wali mapajani, nikijifanya nakula. Kabla ya jeneza kutolewa ndani, msemaji wa familia alitangaza kwamba sasa tutasikia neno kutoka kwa waliofanya kazi na marehemu, kisha akanitazama mimi, kwa sababu waliofanya naye kazi na ambao bado wapo hapa mkoani tulikuwa wawili tu, na yule mwingine alikuwa amejificha nyuma ya gari la matangazo. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa kazi, alikuwa mpole, aliwajua wagonjwa kwa majina ya baba zao. Watu wakaguna kukubali. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa lile lililonikaa kooni. Lile lingenilazimu nieleze seva ni nini, faili ni nini, na kwa nini mimi na mzee yule, watu wawili tusio na nia mbaya hata kidogo, tulikaribia kumuua mama mmoja na mtoto wake. Mambo ya namna hiyo hayasemwi msibani. Nimerudi nyumbani, nimevua viatu, ndipo naandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Siku hizi nasoma ujumbe wa simu kwa miwani, tena nikiwa nimeunyoosha mkono, lakini nikifumba macho chumba kile kinanijia chenyewe, na kinanijia kwa ubaridi wake kwanza. Kilikuwa stoo ya magodoro ya hospitali moja ya misheni, Musoma mjini, karibu na ziwa. Magodoro yalihamishwa, ikawekwa kiyoyozi, meza moja, viti viwili visivyolingana, na seva, ambayo kila aliyekuja kuiona aliondoka amesikitishwa na udogo wake. Harufu ya magodoro haikuhama. Dirisha lilipakwa rangi nyeupe ili jua lisipige vyombo, lakini mtu fulani kabla yangu aliikwangua kwa ukucha, upana wa viganja viwili, na kupitia hapo niliona kipande cha ziwa na jiwe moja kubwa ambalo ndege weupe walipenda kutua. Nje Musoma yote inatokwa jasho, mimi ndani nimevaa sweta. Kulikuwa na mngurumo mdogo usiokoma. Baada ya saa moja ulikuwa huusikii tena, ila ukitoka nje unahisi dunia imenyamaza kupita kiasi. Wauguzi walikuja kupoa humo wakati wa mapumziko. Walikaa sakafuni, wakanyoosha miguu, wakasimuliana, nami nikasikia habari za mji mzima bila kugeuza shingo.

Kazi alinifundisha Mafuru, mtu wa vijiji vya peninsula, mtoto wa wavuvi, mwenye sauti ya chini na mfuko wa furu wakavu kwenye droo ya meza. Furu ni visamaki vidogo vya ziwani, vina miba kuliko nyama, na Mafuru alivitafuna polepole huku akisoma skrini, akitoa miba mmoja mmoja na kuipanga kwenye ukingo wa karatasi. Hospitali yetu ilikuwa na zahanati ndogo ndogo vijijini, na mashine ya kupima makohozi ilikuwa moja tu, katika maabara yetu ya Bunda. Zahanati zilipeleka makohozi Bunda kwa pikipiki, Bunda wakapima, na kila asubuhi mtaalamu wa maabara alitoa majibu yote ya jana kwenye faili moja na kulituma Musoma. Seva yetu ililipokea, ikagawa majibu kwa kila zahanati. Zamani majibu yalirudi kwa karatasi na pikipiki ileile, yakalowa, yakapotea, yakakaa wiki tatu mfukoni mwa mtu. Mwaka ule karatasi zilikuwa zimekomeshwa, na wote tulijiona watu wa kisasa.

Mimi nilipewa kulinda mafaili. Tulikuwa na programu iliyozunguka ndani ya seva kila baada ya dakika kumi ikiangalia kama kila kitu kipo mahali pake, na tuliiita Mlinzi. Mipangilio yake ilikuwa maandishi ya kawaida tu, mistari minne kwa kila kituo. Mstari wa kwanza ulisema faili litafutwe kwenye folda gani. Wa pili ulitaja jina lake, ambalo lilibeba tarehe ya siku. Wa tatu ulisema ifikapo saa nne asubuhi umri wa faili usiwe umezidi saa mbili. Wa nne ulisema ukubwa wake usipungue baiti mia tano, kiasi cha herufi mia tano. Kila kitu kikiwa sawa, jina la kituo liliwaka kijani kwenye ubao wa skrini. Kimoja kikikosekana liliwaka jekundu, na ujumbe ukaenda kwenye simu yangu na ya Daktari Mkuu kwa wakati mmoja. Mafuru alinifundisha mstari wa nne kwa mkazo kuliko mingine. Aliniambia nisiridhike kwamba faili limefika, niangalie limekuja na nini. Nikaandika maneno hayo kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, na kuyapigia mstari.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumamosi maabara ya Bunda ilifanya kazi kidogo sana, kwa hiyo faili la Jumapili lilikuja jembamba, chini ya baiti mia tano, na Mlinzi akapiga kelele. Simu yangu ililia katikati ya mahubiri, mbele ya wanakwaya wenzangu. Jumapili iliyofuata ikalia tena, na Daktari Mkuu akanipigia kuuliza kwa nini Bunda ni nyekundu, na kabla sijamaliza kujibu akampigia Mzee Magesa, yule mtaalamu wa maabara ya Bunda, na kumfokea. Jumapili ya tatu nilizima simu, nikakaa kanisani nimetulia kwa nje tu. Jumatatu asubuhi niliingia kwenye chumba changu cha baridi, nikafungua mipangilio, nikaufuta mstari wa nne kwa kituo cha Bunda. Nilijiambia ni kwa muda, mpaka nitakapopata njia ya kuitofautisha Jumapili na siku nyingine. Mafuru akauliza, nikamjibu hivyohivyo, ni kwa muda. Alinitazama, akatoa mwiba mdomoni, akarudi kwenye skrini yake.

Mzee Magesa nilimjua kwa sauti miezi mingi kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea akiwa amesimama mlangoni, hana haraka ya kuingia wala ya kuondoka. Aliniita binti, nami nikamwita mzee, ingawa siku zile hakuwa mzee kivile. Miezi ya mwanzo alikuwa anachelewesha faili, saa nne na nusu, saa tano, na mimi badala ya kumweleza kwa nini saa ni muhimu nikamdekea. Nilimwambia akichelewa taa inakuwa nyekundu, na taa ikiwa nyekundu mimi ndiye naanza kufokewa, kisha yeye, na siku yote inaharibika. Alicheka. Akanisimulia kwamba kwao, kwenye vijiji vya wafugaji na wakulima wa pamba upande wa Bunda, asubuhi anayepita kwenda shamba huita kwenye boma la jirani, na jirani lazima aitike. Hata akiwa anaumwa ataitika, wasije wakavunja mlango wakidhani amefia ndani. Akasema basi amenielewa, taa ni kuitwa na faili ni kuitika. Nilifurahi sana kueleweka. Toka siku ile hakuchelewa hata mara moja.

Nilikuwa nimepanga chumba Nyakato, hapohapo Musoma, nyumba yenye dari la mbao nyembamba ambalo lilipitisha maneno ya vyumba vyote, na asubuhi nililala macho nikisikiliza mwenye nyumba akimweleza dada yake kazi ya mpangaji wake. Alisema nalipwa kwa kutazama taa. Dada yake akauliza taa za barabarani au za wapi, na mwenye nyumba akasema hajui, ila zikiwa kijani binti anarudi nyumbani anaimba. Nacheka sasa, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Nilikuwa nimeanza kuishi kwa rangi ile. Niliota kijani, mashamba ya kijani yasiyo na mtu ndani yake, na niliamka nimepumzika.

Kuna siku tatu nilizokaa upande wa Butiama kufunga kompyuta na modemu kwenye zahanati yetu ya huko, na siku hizo nazikumbuka kwa mvuke wa chai. Kando ya geti la zahanati kulikuwa na mama aitwaye Wankuru, pengine tulilingana umri, aliyeuza chai na michembe, vile vipande vyembamba vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akavichemsha na karanga mpaka vikawa laini. Mume wake alikuwa amekwenda Buhemba kwenye machimbo na hakuwa ametuma habari. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi minne, Bhoke, aliyemfunga mgongoni hata akiwa ameinama kwenye moto. Alinilisha siku zote tatu ndani ya chumba chake, kwenye kigoda ambacho alikipangusa kila nilipoingia. Alipika ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, na mboga ya mlenda, na alinitania kwamba naula kama mtu anayebomoa ukuta kwa adabu. Alikuwa anakohoa. Aligeuza uso pembeni, akakohoa kwenye kanga, akarudi kwenye maneno yake pale alipoyaachia. Siku ya tatu nilimsindikiza mwenyewe mpaka ndani ya zahanati, akatoa makohozi, na mimi nikamwahidi kwamba sasa mambo ni ya haraka, majibu yatafika kwa njia ya simu hewani, hatasubiri kama zamani. Tuliachana vizuri. Alinifungia michembe kwenye gazeti.

Alinipigia siku kadhaa baadaye, asubuhi, nikiwa na sweta na chai yangu. Kila akienda zahanati anaambiwa bado. Akaniuliza, "Dada, wewe huko si ndiko yanafikiaga? Hebu niangalizie." Mimi sikuwa na ruhusa ya kufungua majibu ya wagonjwa, na nilijivunia kuifuata sheria ile. Nilitazama ubao. Bunda ilikuwa kijani. Jana yake kijani, juzi kijani. Nikamwambia mafaili ya Bunda yamefika siku zote bila kukosa, na kwamba majibu yakiwa mabaya zahanati humtafuta mtu haraka. "Kwa hiyo mimi sina kifua kikuu," alisema. Nikasema, "Ungekuwa nacho wangeshakuita." Nilisikia anavuta pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka na kuniambia Bhoke ameota jino. Wiki ileile alifunga chumba chake, akamchukua mtoto, akaenda Buhemba kumtafuta mume wake.

Nikisema ukweli, na hapa sina wa kumficha, zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule. Siku kumi na moja simu yangu haikulia. Jumapili niliimba wimbo wote mpaka mwisho. Jumamosi moja Mafuru alinipeleka Kigera kwa shangazi yake, tukakaa uani, tukala sato wa kuchoma kwa mikono, na shangazi akasema maneno mengi ya Kijita ambayo Mafuru alikataa kunitafsiria, ila masikio yake yalibadilika rangi. Upepo wa ziwa uliingia uani na kutoka. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nikitazama nguo zinavyojaa hewa kwenye kamba, nikajiambia hivi ndivyo maisha yanavyokuwa mtu akiwa amepanga mambo yake vizuri. Bado napenda kumbukumbu ile, na nimejaribu kuichukia nikashindwa. Wakati nimelala pale, Wankuru alikuwa Buhemba, anapikia watu kwenye kibanda cha mabati kisicho na dirisha, anamnyonyesha mtoto.

Siku ya kumi na moja nilitumwa Bunda kupeleka betri ya akiba ya modemu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mzee Magesa. Alikuwa mfupi, amekatwa nywele vizuri, na alinipokea betri kwa mikono miwili. Hakutaka kusikia habari ya kazi kabla ya chakula. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya maabara, sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, redio iliyofunikwa kitambaa chake, kalenda ya miaka miwili iliyopita iliyobakizwa kwa ajili ya picha ya ng'ombe. Nikatoka uani kunawa. Jikoni, ng'ambo ya ukuta wa matofali mabichi, mke wake alikuwa anaongea na jirani huku wakisonga ugali, na jirani aliuliza kama yule mgeni ndiye fundi wa mashine. Mke akasema hapana, fundi wa Mwanza kila siku anasemaga kesho, mashine inapima tu lakini kompyuta yake imegoma kutoa majibu toka umeme ulipokatika ukarudi na nguvu. Jirani akauliza sasa mume wake anafanyaje kazi. "Anaandikaga kwenye daftari," mke alisema. "Na asubuhi anatuma Musoma faili nyeupe, haina kitu, ili yule binti wao asigombezwe."

Maji ya kidumu yalikuwa yanaendelea kutiririka mikononi mwangu. Nilirudi sebuleni nimelowa hadi viwiko, nikamwuliza Mzee Magesa kama ni kweli. Hakuficha, na hakuona cha kuficha. Alieleza kwa utulivu kwamba asubuhi kabla ya saa nne anatengeneza faili lenye jina linalotakiwa na tarehe ya leo, analituma tupu, ili tujue wapo hai na wanashughulika. Fundi akija atatuma yote kwa mpigo. Alidhani zahanati zikikosa majibu zitapiga simu kumwuliza, lakini zahanati hazikupiga, maana walijua majibu siku hizi yanatoka Musoma. "Mimi niliitika tu, binti," alisema. "Nyekundu hazikuja, eeh?" Akatabasamu, akisubiri nimshukuru.

Nikamwambia lete daftari. Lilikuwa daftari kubwa la mistari, mwandiko wake umesimama wima, jina la mgonjwa, jina la zahanati, jibu. Niliacha kufikiria ruhusa. Wankuru alikuwa kwenye ukurasa wa siku ya tatu. Mbele ya jina lake mzee alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ana kifua kikuu. Nilikaa chini. Ugali ukaletwa, na kuku, na mke wa Magesa akasimama mlangoni ameshika beseni la kunawia, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilimweleza mzee mambo mawili, kwa sauti ambayo sikuitambua. Kwamba kulikuwa na mstari ambao ungeona faili lake ni tupu siku ya kwanza, na mimi niliufuta kwa sababu ya simu kulia kanisani. Na kwamba nilimwambia mwanamke huyu kwamba hana ugonjwa. Mzee Magesa alivua miwani. Akasema hatutakula, tupige simu.

Tulipiga mchana ule wote. Yeye alisoma majina, mimi nikapiga zahanati moja baada ya nyingine, na kila aliyekuwa na ugonjwa tuliomba atafutwe leo hii. Wote walipatikana kufikia jioni, isipokuwa mmoja. Simu ya Wankuru haikupatikana. Muuguzi wa zahanati ya Butiama alisema aliaga vizuri, alisema dada wa Musoma amemwambia ni mzima. Alilisema jambo hilo bila ubaya, kama habari tu, na hakujua anaongea na nani.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Buhemba kwa gari la hospitali, Mzee Magesa akiwa na koti lake jeupe amelikunja kwenye mfuko wa nailoni. Nilitazama mashamba ya pamba yanapita, kisha mawe, kisha mashimo, na kwa kuwa sikuwa nimelala yote yalinijia taratibu na kwa mbali, kama mchana wa mtu mwingine. Kwenye machimbo makarasha yalikuwa yanasaga mawe, na vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya majani, juu ya sufuria, juu ya kope za watu. Tuliuliza mama mwenye mtoto Bhoke, tukaoneshwa kibanda. Wankuru alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda hadi shingo yake imekuwa ndefu. Aliponiona alisimama kwa furaha, akaanza kunitafutia kiti, na hapo ndipo Mzee Magesa alipotoa koti kwenye mfuko, akalivaa juu ya vumbi lote lile, akafunga vifungo mpaka cha juu. Sikujua kwa nini alilibeba mpaka nilipomwona amelivaa. Hakutaka kumpa habari ile akiwa mpita njia.

"Mama, mimi naitwa Magesa, ndio nilipima makohozi yako," alisema. "Majibu yako yamekaa kwangu siku tisa. Kosa ni langu. Una kifua kikuu, na dawa ipo, tumekuja nayo garini." Wankuru alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Wewe ulisemaga majibu yamefika," alisema. Nikasema ndiyo, nilisema. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, njia nzima nilikuwa napanga maneno, faili na folda na mstari wa nne, na yote yalinitoka kichwani. Alimfungua Bhoke mgongoni, akamweka mbali naye kidogo juu ya kanga, akarudi nyuma hatua mbili, akawa anamtazama. Mtoto aliinua mikono apakatwe. Yeye akakunja mikono yake kifuani na hakumshika, wala hakuruhusu mimi nimshike. Kwa kweli nimeona watu wakilia kwa namna nyingi, lakini sijaona tena mtu aliyejizuia kumpakata mtoto wake kwa nguvu kama zile. Mwisho Mzee Magesa ndiye aliyemwinua Bhoke, na muuguzi tuliyekuja naye akamweleza mama kwamba atamnyonyesha, atafunika mdomo na pua, dawa zitaanza leo, na mtoto atapewa za kwake. Zahanati tulipofika walimpima Bhoke uzito. Muuguzi akaandika, akafuta, akampima tena, hakuamini wepesi wake.

Niliporudi kwenye chumba changu Mafuru alikuwa ameshasikia yote. Nilisimama mbele yake nikingoja kufokewa. Alisogeza kiti cha pili, akasema, "Rudisha mstari." Niliurudisha huku ananitazama. Kisha tukaongeza wa tano, ambao ulikuwa wa kwangu na ambao najua mpaka leo kuuandika bila kutazama popote. Kila faili lazima liishie na neno MWISHO, na kabla ya neno hilo iandikwe idadi ya majibu yaliyomo. Siku isiyo na kazi maabara itaandika sifuri, na sifuri iliyoandikwa na mtu ni kijani halali. Jumapili ikapona kwa maneno mawili. Ningeyafikiria mwezi ule wa kwanza kama ningekaa nayo mchana mmoja, lakini nilitaka kimya, na kimya nilikipata. Tukabadili na ujumbe, usiende tena kwa Daktari Mkuu kabla sijapata nusu saa ya kuongea na kituo. Mzee Magesa nilimpigia mwenyewe. Nilimwambia mashine ikifa asitume chochote, aache taa iwe nyekundu, nyekundu ndiyo inayonileta. Akasema kwa hiyo asiitike, avunjiwe mlango. Nikasema ndiyo, mzee, tuvunje. Miaka yote iliyofuata, kila taa ya Bunda ilipowaka nyekundu, nilimkuta kwenye simu kabla haijaita mara mbili.

Sikwenda kumwona Wankuru. Nitasema nilikuwa na kazi, na ilikuwepo, lakini haikuwa sababu. Niliuliza habari zake kwa muuguzi wa zahanati, kila wiki, nikijifanya nauliza habari za modemu. Anameza dawa. Amerudi kwenye chumba chake. Mtoto anasagiwa kidonge kwenye maziwa, anakitema, anasagiwa kingine. Mwezi wa tatu wa dawa ameanza tena kuuza chai. Mume hakuonekana. Mwezi wa sita Mzee Magesa alinipigia, faili likiwa limeshafika na taa iko kijani, akasema kuna jina kwenye la leo ambalo angependa nilijue, amemwomba mwenyewe ruhusa, naye amekubali nisomewe. Makohozi yake ni safi. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia kabla wala baada, kwamba mimi ni mwoga, na kwamba yeye alishakwenda kumwona mara nne.

Nilikwenda Jumamosi. Nilifika saa tano, nikamkuta anamwaga majivu nyuma ya chumba. Alikuwa amenenepa usoni. Aliniona, akamaliza kumwaga majivu, akakung'uta karai, akaniambia karibu ndani kwa sauti ambayo humkaribishia mtu yeyote. Chumba kilikuwa vilevile, na kigoda kilikuwepo, ila hakukipangusa. Nilikaa. Nilisema yale niliyopaswa kuyasema Buhemba, tena bila folda wala mistari. Nilisema niliona taa nikakwambia u mzima, na sikuwa nimeona kitu chochote, na niliusema uongo ule kwa sababu ulikuwa rahisi na ulinifanya nijisikie mtu mwema. Nilisema samahani. Alikuwa amesimama karibu na moto akinisikiliza, ameshika mwiko. Uji ulikuwa unachemka.

"Siku zile za Buhemba nilikuwaga nambusu huyu mtoto mdomoni," alisema. "Kila siku. Kwa sababu mimi ni mzima." Akakoroga sufuria, akaiepua, akaifunika. "Sijakusamehe, dada. Sitaki kukudanganya."

Nikasema sawa. Nilianza kuokota mkoba wangu sakafuni. Bhoke alikuwa ameshatambaa kutoka uvunguni mwa kitanda, amekuja mpaka miguuni kwangu, anavuta ukanda wa mkoba. Wankuru alitutazama. Kisha akainama, akamwinua mtoto kwa mkono mmoja, na kabla sijaelewa anachofanya akaniwekea mapajani.

"Mshike," alisema. "Nikuletee maji ya kunawa, uji umeiva."

Akatoka nje na kidumu. Nilimkumbatia Bhoke kwa mikono yote miwili, nikaogopa hata kupumua juu yake. Alikuwa mzito.